Bakteria anatengenezaje kinga ya jua, na kwa nini binadamu hana?

*Swali: Mtaalamu, ninafundisha biolojia sekondari. Nimesoma kwamba mwani mwekundu na baadhi ya bakteria hujitengenezea wenyewe kinga dhidi ya mionzi ya urujuanimno, na kwamba hata samaki wanayo. Nilipowaeleza wanafunzi wangu, walinibana kwa maswali matatu. Kiumbe asiye na tezi anatengenezaje kitu kama hicho? Kama bakteria anaweza, kwa nini binadamu asiweze? Na mtu akisaga mwani akajipaka, si itamkinga?*

Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Jibu la haraka la kuwapelekea ni hili: tezi haihitajiki. Kinachohitajika ni vimeng'enya vichache vya kuchukua malighafi ambayo seli tayari inayo kwa shughuli nyingine na kuigeuza kuwa kichujio cha mionzi. Malighafi hiyo hata wewe na mimi tunayo sasa hivi. Tulichokosa ni vimeng'enya viwili tu, na dalili zote zinaonyesha kwamba mababu zetu wa zamani sana walikuwa navyo, wakavipoteza. Kuhusu kujipaka mwani, hapana, na nitakuonyesha hesabu yake.

Kwanza tuelewane ni nini kinakingwa. Mionzi ya urujuanimno hugawanywa mafungu matatu kwa urefu wa mawimbi yake. UVC, nanomita 100 hadi 280, humezwa yote angani kabla haijatufikia. UVB, nanomita 280 hadi 315, humezwa sehemu kubwa na tabaka la ozoni, ila inayopenya inatosha kudhuru. UVA, nanomita 315 hadi 400, hupita karibu yote, na ndiyo takriban 95% ya urujuanimno unaofika ardhini. Ubaya wa UVB ni kwamba DNA yenyewe huinyonya. Thaimini (moja ya herufi nne za DNA) mbili zilizo jirani katika uzi mmoja zikipigwa na fotoni, yaani chembe ya mwanga, hugandana, na vimeng'enya vya kunakili DNA vikifika hapo hukwama au hukosea. UVA hainyonywi sana na DNA, lakini hunyonywa na molekuli nyingine za seli, nazo huzaa oksijeni kali inayounguza mafuta, protini, na mwishowe DNA hiyo hiyo.

Sasa mfikirie kiumbe anayeishi kwa usanisinuru. Hawezi kukimbilia kivulini, kwa sababu mwanga ndio chakula chake. Anahitaji kichujio cha kuchagua: kizuie kila kilicho chini ya nanomita 400, kisha kiachie kuanzia 400 hadi 700, mwanga anaoutumia kujilisha. Ndiyo maana rangi nyeusi kama ya ngozi yetu isingemfaa. Ingemkinga, halafu ingemwua njaa.

Molekuli hunyonya mwanga kwa kutumia elektroni zake. Katika vifungo vya kawaida kati ya atomu za kaboni, elektroni zimebanwa sana kiasi kwamba fotoni za jua zinazotufikia hazina nguvu ya kuzisukuma. Mambo hubadilika pale vifungo maradufu vinapopishana na vifungo vya kawaida kwenye mnyororo au pete. Elektroni hapo hupata uwanja wa kuzunguka, na uwanja ukirefuka, molekuli hunyonya mawimbi marefu zaidi. Ukiongeza atomu moja ya nitrojeni mahali panapofaa, unausogeza unyonyaji kutoka UVB kwenda UVA. Kumbuka hilo, kwa sababu ndivyo hasa bakteria anavyofanya.

Kunyonya tu hakutoshi. Molekuli iliyonyonya fotoni imebeba nishati nyingi na lazima iitue mahali. Ikivunjika, kinga imekwisha. Ikiikabidhi kwa oksijeni iliyo karibu, imekuwa mdhuru badala ya mlinzi. Molekuli nzuri hujipinda, hurudi katika umbo lake, na kuiachia nishati kama joto dogo lisilo na madhara, kisha iko tayari kwa fotoni nyingine. Ile iitwayo porphyra-334, inayopatikana katika mwani mwekundu wa jenasi *Porphyra*, imepimwa ikaonekana kuachia zaidi ya 95% ya nishati kwa njia ya joto, na hutoa mng'ao mdogo mno. Kwa maoni yangu sifa hii ndiyo inayostahili kusifiwa kuliko ile ya kunyonya. Molekuli zinazonyonya urujuanimno ni nyingi sana duniani. Zinazovumilia kazi hiyo kutwa nzima ni chache.

Porphyra-334 ni ya familia kubwa ambayo nitaiita maikosporini, ingawa wanakemia hutenga zile za kuvu na zile za majini kwa majina tofauti kidogo. Katika miaka ya 1960 watafiti waliona kwamba kuvu fulani, zikimulikwa ili zitoe spora, hukusanya kitu kinachonyonya kwenye nanomita 310. Mwaka 1969 Kazuo Shibata alieleza vitu vinavyonyonya urujuanimno katika matumbawe na sayanobakteria (bakteria wanaoishi kwa usanisinuru) wa Great Barrier Reef, Australia. Miaka ya 1970 miundo yake ikaanza kufumbuliwa. Leo zinajulikana kwa makumi, na kilele cha unyonyaji wao kiko kati ya nanomita 310 hivi na 362. Hazina rangi machoni petu. Huyeyuka vizuri majini. Zote zina kitovu kilekile: pete ya kaboni sita iliyobandikwa asidi amino moja au mbili.

Pete hiyo hutoka wapi? Hapa ndipo pa kukaa na wanafunzi wako, kwa sababu hatua ni nne tu na zote ni biolojia wanayoifahamu.

Mwaka 2010 Emily Balskus na Christopher Walsh, wakiwa chuo cha tiba cha Harvard, waliichunguza sayanobakteria *Anabaena variabilis* na kukuta jeni nne zimepangana jirani jirani kwenye kromosomu. Ya kwanza hutoa kimeng'enya kinachochukua sukari ya kaboni saba, sedoheptulosi-7-fosfeti, na kuikunja iwe pete, huku kikitupa fosfeti na maji. Cha pili hubandika kikundi cha methili juu ya pete, na hapo inapatikana deoksigadusoli, kitovu cha familia nzima. Cha tatu hutumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kuunganisha pete na glisini, asidi amino ndogo kuliko zote. Hiyo ni maikosporini-glisini, inayonyonya kwenye nanomita 310. Cha nne huongeza serini upande wa pili, mahali palipokuwa na oksijeni pakaingia nitrojeni, na unyonyaji unaruka hadi nanomita 334. Molekuli hiyo ya mwisho ni shinorini. Walipozihamishia jeni hizo nne kwa *E. coli*, bakteria wa utumbo ambaye maisha yake yote ni gizani, naye akatengeneza shinorini.

Sukari ile ya kaboni saba si kitu adimu. Iko katika njia ya pentosi fosfeti, ambayo seli huitumia kutengeneza sukari za kujengea DNA na RNA pamoja na akiba ya elektroni za kupambana na oksijeni kali. Binadamu anayo, hamira inayo, mti unayo. Bakteria anachofanya ni kutoboa mfereji mdogo pembeni ya mto unaopita siku zote. Ndiyo sababu hahitaji kiungo maalumu. Kiwanda ni seli yenyewe, na bidhaa inabaki palepale inapohitajika.

Naomba uwaambie wanafunzi pia kwamba habari hii haijanyooka kama vitabu vinavyoichora. Kwa miaka mingi ilisadikiwa kwamba pete hutoka katika njia nyingine, ya shikimeti, ambayo mimea na vijidudu hutumia kutengeneza asidi amino zenye pete. Kulikuwa na sababu nzuri: ukiizuia njia hiyo kwa glaifoseti, dawa ya kuua magugu, utengenezaji wa maikosporini hushuka. Ugunduzi wa 2010 ukaonekana kuifuta hoja hiyo. Lakini mwaka 2012 watafiti waliing'oa ile jeni ya kwanza kutoka kwa *Anabaena*, na bakteria akaendelea kutengeneza maikosporini. Mwaka 2015 ikaonyeshwa kwamba kimeng'enya cha pili, kile cha methili, hutumiwa na njia zote mbili, na kikiondolewa hicho ndipo kila kitu husimama. Kwa hiyo bakteria huyu ana milango miwili ya kuingilia chumba kimoja. Mtihani ukiuliza "njia ni ipi", jibu sahihi la leo ni "inategemea", na mimi ningempa alama mwanafunzi atakayesema hivyo.

Uzalishaji hauendi ovyo. Maikosporini zina nitrojeni, na nitrojeni majini mara nyingi ni haba. Mwani ulioishiwa nitrojeni hutengeneza kinga kidogo hata kama jua ni kali. UVB huamsha utengenezaji, na katika spishi kadhaa chumvi ikizidi nayo huamsha, kwa sababu molekuli hizi humsaidia kiumbe kuzuia maji yasimtoke. Maikosporini-glisini pia humeza oksijeni kali moja kwa moja. Kwa hiyo kuiita "losheni" kunarahisisha darasani, ila kunaficha nusu ya kazi zake.

Kuna jambo moja la fizikia ambalo husahaulika na ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Kichujio hufanya kazi kwa unene: mwanga ukipita safari ndefu ndani yake, mwingi hunyonywa, ukipita safari fupi, mwingi huponyoka. Ferran Garcia-Pichel alilipigia hesabu suala hili mwaka 1994 na kuonyesha kwamba seli ndogo sana, zile ambazo nusu kipenyo chake hakifiki mikromita moja, haziwezi kujikinga kwa molekuli zilizo ndani yake hata zikijijaza. Zingelazimika kubeba kiasi kikubwa hivi kwamba zisingebaki na nafasi ya kuishi. *Prochlorococcus*, kiumbe wa usanisinuru aliye mwingi kuliko wote baharini, ana kipenyo cha mikromita 0.6 hivi. Kwake kinga ya namna hii ni hasara tupu. Viumbe wadogo kiasi hicho hulazimika kutegemea kurekebisha DNA iliyoharibika, kuzaliana upesi, au kina cha maji.

Wengine wameikwepa hesabu hiyo kwa kuiweka kinga nje. Sayanobakteria wanaokaa juu ya miamba, kuta na udongo wa jangwani hujivika ala ya ute, na ndani ya ala hiyo huweka sitonemini, rangi ya manjano iliyokolea hadi kahawia. Carl Nägeli aliieleza rangi hiyo tangu 1849, lakini kazi yake ilithibitishwa na Garcia-Pichel na Richard Castenholz mwaka 1991: inaweza kuzuia hadi 90% ya UVA isiingie ndani ya seli. Muundo wake ulijulikana 1993. Hii haitokani na sukari ya kaboni saba. Inaundwa kwa asidi amino mbili, triptofani na tairosini, zinazounganishwa kisha nusu mbili zinazofanana zikashikamana. Ni ngumu ajabu: hubaki kwenye ala hata seli iliyoitengeneza ikiwa imekauka na kusimamisha shughuli zake zote. Hilo lina maana kubwa, kwa sababu seli kavu haiwezi kurekebisha DNA. Kinga yake lazima iwe imetengenezwa kabla ya ukame.

Mimea ya nchi kavu nayo ilianzia kwa asidi amino, safari hii fenilalanini. Kimeng'enya kimoja huing'oa amonia, vingine huongeza oksijeni, na kinachopatikana ni msingi wa vitu vingi: lignini ya kuni, rangi za maua, harufu, na vichujio vya urujuanimno. Tawi moja huongeza vipande vitatu vidogo vya kaboni na kufunga pete mpya, tukapata flavonoidi kama kwasetini na kaempferoli. Tawi jingine katika mmea wa maabara *Arabidopsis* huishia kwenye sinapoili-maleti, ambayo hujazwa kwenye vakuoli za ngozi ya juu ya jani. Mimea iliyoharibiwa jeni za tawi moja au jingine iliungua kwa UVB kuliko kawaida, na majaribio hayo ya miaka ya 1990 ndiyo yaliyomaliza ubishi kama kweli flavonoidi ni kinga au ni mapambo.

Kinachonivutia zaidi kwa mimea ni jinsi inavyojua. Mwaka 2011 ilielezwa kwamba protini iitwayo UVR8 ndiyo kipokezi cha UVB. Ikiwa gizani hukaa mbili mbili, zimeshikana. Triptofani zilizo kwenye maungio yake zikinyonya UVB, maungio hulegea, kila moja huenda zake hadi kwenye kiini cha seli, na jeni za kutengeneza flavonoidi huwashwa. Mmea kwa hiyo huona UVB yenyewe na kujiandaa, bila kusubiri kuumia.

Linganisha na ngozi yetu. Binadamu naye ana kinga anayoitengeneza: melanini. Kimeng'enya tairosinasi huanza na tairosini, kuigeuza kuwa dopa na kisha dopakwinoni, ambayo hujiunga na kujiunga tena hadi ikawa rundo jeusi. Melanini hiyo hufungashwa ndani ya vifuko, hukabidhiwa seli za juu za ngozi, na humo hupangwa kama kofia juu ya kiini, yaani mahali DNA ilipo. Utafiti wa 1979 uliopima tabaka la juu la ngozi ulikuta kiwango cha kinga dhidi ya UVB cha wastani wa 13.4 kwa ngozi nyeusi na 3.4 kwa ngozi nyeupe. Jeni ya tairosinasi peke yake ikiharibika, mtu huzaliwa na mojawapo ya aina za ualbino, mfano mzuri wa jinsi kinga nzima inavyoweza kusimama juu ya kimeng'enya kimoja. Tatizo letu ni mawasiliano. Ngozi huongeza melanini baada ya DNA kuumia: protini p53 hugundua uharibifu, huwasha jeni ya homoni, homoni huamsha seli zinazotengeneza melanini, na siku kadhaa hupita. Aliyebadilika rangi juani ameshadhurika tayari.

Tuna kinga nyingine ambayo wachache huijua. Lenzi ya jicho haiwezi kuwa nyeusi, kwa hiyo hutumia molekuli ndogo zilizotokana na triptofani, jamii ya kinurenini, zinazonyonya kati ya nanomita 300 na 400 na kuliacha jicho likiona. Watu walioondolewa lenzi bila kuwekewa inayochuja wamewahi kuona mwanga ambao wengine hatuuoni. Tukizeeka, molekuli hizo hugandana na protini za lenzi, na hiyo ni moja ya sababu za lenzi kuwa ya manjano.

Turudi kwenye lile la samaki, maana ndilo linalojibu "kwa nini binadamu asiweze". Gadusoli, ndugu wa karibu wa kile kitovu cha maikosporini, iligunduliwa katika mayai ya chewa wa Atlantiki, *Gadus morhua*, na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa miongo mitatu wengi waliamini samaki huipata kwa kula. Imani hiyo haikuwa ya kipuuzi. Wanyama wengi wa baharini kweli hupata kinga kwa chakula: urchini wa baharini, wale wanyama wa duara wenye miiba mingi, wakilishwa mwani mwekundu hujaza maikosporini kwenye mayai yao, na wakinyimwa mwani huo viinitete vyao huathirika zaidi na jua. Matumbawe nayo yalidhaniwa kupewa yote na mwani unaoishi ndani yao, hadi jenomu ya *Acropora digitifera* iliposomwa mwaka 2011 na kukutwa na jeni zinazofanana na zile nne za sayanobakteria.

Mwaka 2015 kundi la Taifo Mahmud katika Chuo Kikuu cha Oregon State lilionyesha kwamba samaki Danio, yule mdogo mwenye mistari anayefugwa sana maabara, hutengeneza gadusoli mwenyewe. Anaanza na sukari ile ile ya kaboni saba. Kimeng'enya cha kwanza huikunja kuwa pete, cha pili hubandika methili na kuondoa hidrojeni, kazi imekwisha. Jeni mbili hizo zilipatikana pia kwa ndege, reptilia na amfibia. Mamalia hawana. Cha kusisimua ni anwani yake: kwa wanyama wenye jeni hizo, ziko jirani na MITF, jeni inayosimamia seli za melanini. Sisi mtaa huo tunao, jirani tunaye, ila nyumba yenyewe haipo.

Zilipotea kwa nini? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mamalia wa mwanzo, enzi za dinosaria, waliishi zaidi usiku, na jeni ambayo haihitajiki huharibika bila mwenyewe kuadhibiwa. Ni dhana, lakini ina shahidi wa pili. Mamalia wenye kondo la nyuma wamepoteza pia fotoliasi, kimeng'enya kinachotumia mwanga wa bluu kuachanisha zile thaimini zilizogandana. Samaki wanacho, mimea inacho, hata kangaruu anacho. Sisi hukata kipande kizima cha uzi wa DNA na kukijaza upya, njia ya polepole zaidi. Kupoteza kinga na fundi wake kwa pamoja kunaelekeza kwenye usiku mmoja mrefu.

Kwa samaki, faida ya gadusoli ni kwamba haionekani. Mama huiweka ndani ya yai, kiinitete hubaki kama kioo na adui hakioni. Utafiti wa 2023 ulionyesha kwamba Danio waliokosa gadusoli walipata uharibifu mkubwa wa DNA, na kwamba katika umri huo kinga yake ilizidi ile ya melanini na ya ganda la yai. Mamalia mmoja, kiboko, alijitafutia njia yake. Ute unaomtoka kwenye ngozi huanza bila rangi, huwa mwekundu, kisha kahawia, na mwaka 2004 watafiti wa Japani waliitenga rangi nyekundu na ya machungwa iliyomo, wakakuta zinanyonya urujuanimno na hata sehemu ya mwanga tunaouona. Ya nyekundu huzuia bakteria pia. Huyo anayo tezi, kwa hiyo wanafunzi wako hawakukosea kabisa kufikiria tezi. Ila ni mgeni katika orodha hii.

Sasa hesabu niliyokuahidi. Tuseme mwani wako ni mzuri na una miligramu 5 za maikosporini kwa kila gramu ya mwani mkavu. Mwani mbichi ni maji karibu yote; tuseme sehemu kavu ni 15%. Gramu moja ya uji wa mwani ina basi miligramu 0.75, yaani 0.075%. Losheni za kawaida huwa na vichujio kwa asilimia nzima nzima: kanuni za Marekani huruhusu avobenzoni hadi 3%, oktokrileni hadi 10%, oksidi ya zinki hadi 25%. Hata ukilinganisha na 3% peke yake, uji wako umepungukiwa mara 40. Halafu kipimo cha SPF, yaani kiwango cha kinga cha losheni, hufanywa kwa miligramu 2 za losheni kwa kila sentimita mraba, tabaka jembamba mno, na tumeona tayari kwamba tabaka jembamba hudai kichujio kingi. Ongeza kwamba maikosporini huyeyuka majini, kwa hiyo jasho la kwanza litaondoka nazo, na kwamba uji mbichi umejaa chumvi na vijidudu. Ndani ya mwani molekuli hizi zimefungiwa kwenye seli na kurundikwa seli juu ya seli. Ukisaga, umeuvunja mpangilio huo uliokuwa ukiifanya kazi iwezekane.

Viwandani wanazitumia, ila baada ya kuzikamua kutoka kwa *Porphyra umbilicalis* na kuzifungia ndani ya vitone vidogo vya mafuta, na mara nyingi huwekwa pamoja na vichujio vingine. Hamu imeongezeka tangu Hawaii ipitishe sheria mwaka 2018, iliyoanza kutumika Januari 2021, ya kuzuia uuzaji wa losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati kwa hofu ya matumbawe. Kuvuna mwani kwa ajili hiyo ni kazi yenye mavuno haba, na kiasi cha molekuli hubadilika kwa msimu. Ndiyo maana watafiti wamehamia kwa hamira. Mwaka 2019 walitangaza hamira ya kawaida iliyopewa jeni za shinorini, wakailisha zailosi, sukari ya kwenye miti, kwa sababu zailosi huingia moja kwa moja katika njia ya pentosi fosfeti na kuijaza ile sukari ya kaboni saba. Mavuno bado ni ya maabara. Mwanafunzi wako akikuuliza kazi iliyobaki ni ipi, mwambie ni hiyo ya kuongeza sukari inayochepuka bila kuifisha njaa hamira.